Akili ya mzee baada ya upasuaji: Jamaa wana jukumu

MZEE wa Junju anapopelekwa hospitalini Kilifi kupasuliwa, jamaa huuliza kuhusu damu, gharama na kidonda. Ni nadra mtu kuuliza akili yake itakuwaje atakapozinduka.

Hilo ni swali zito. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka wa 1998 ulichunguza wagonjwa 1,218 wenye umri wa miaka 60 na zaidi waliopasuliwa wakiwa wamelazwa usingizi kamili, yaani nusukaputi. Wiki moja baadaye, takriban robo yao walikuwa wamepungukiwa na kumbukumbu au uwezo wa kufikiri. Baada ya miezi mitatu, bado asilimia 10 hivi walikuwa na tatizo hilo.

Wengi huilaumu nusukaputi pekee. Hata hivyo, utafiti wa mwaka wa 2021 uliofanywa Marekani na Kanada kwa wagonjwa 1,600 waliovunjika nyonga ulibaini kuwa waliodungwa sindano ya mgongo walichanganyikiwa karibu sawa na waliolazwa usingizi kamili. Maumivu, ukosefu wa usingizi, upungufu wa maji mwilini, maambukizi na baadhi ya dawa huchangia pia.

Kwa hivyo, kinga huanzia nyumbani. Daktari aelezwe iwapo mzee alikuwa ameanza kusahau, dawa anazotumia, zikiwemo za mitishamba, na kiasi cha mnazi anachokunywa. Aliyezoea kunywa kila siku huweza kuchanganyikiwa akiacha ghafla.

Baada ya upasuaji, apewe miwani yake na kifaa chake cha kusikia ikiwa anacho. Mtu anayemfahamu aketi naye, amkumbushe siku na mahali alipo. Anywe maji na kutembea mara tu atakaporuhusiwa, maumivu yatulizwe, na usiku aachwe alale.

Akianza kuona visivyokuwepo au kupayuka, muuguzi aarifiwe mara moja. Aghalabu hali hiyo hupungua baada ya siku chache; ikidumu hata baada ya kurudi nyumbani, arejeshwe kwa daktari.

Katika Kaunti ya Kilifi, ambako wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, ni muhimu familia na majirani wafahamu kwamba maneno ya ajabu ya mzee aliyetoka kupasuliwa ni dalili ya ugonjwa. Anahitaji tiba, si kushukiwa.