Vipokezi vya Adenosini na Deni la Usingizi

Mitihani inapokaribia katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro mjini Kakamega, si ajabu mwanafunzi kukesha kwa nguvu za chai ya rangi. Zao lenyewe halitoki mbali: kandokando ya Msitu wa Kakamega kuna mashamba ya ukanda wa chai wa Nyayo, mpango ulioanzishwa mwaka 1986 ili kuikinga misitu dhidi ya uvamizi. Aghalabu hudhaniwa kwamba chai huondoa uchovu. Dhana hiyo haithibitiki vinapochunguzwa vipokezi vya adenosini.

Nomino kipokezi, iliyonyambuliwa kutokana na kitenzi pokea, hurejelea protini iliyo kwenye utando wa seli ambayo hupokea ujumbe wa kikemikali. Adenosini ni mmojawapo wa wajumbe hao, nayo hutokana na kuvunjwa kwa ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli. Kadiri mtu anavyokaa macho, ndivyo adenosini inavyorundikana ubongoni. Inaposhikamana na vipokezi vyake, shughuli za neva zinazomweka mtu macho hufifia, na usingizi humjia.

Vipokezi hivyo ni vya aina 4: A1, A2A, A2B na A3, na kazi zake haziishii ubongoni. Moyoni, A1 hupunguza kasi ya mapigo. Ndiyo maana madaktari hudunga adenosini mshipani ili kutuliza aina fulani za moyo kwenda mbio. A2A nayo hupanua mishipa inayoupelekea moyo damu.

Kafeini iliyomo katika chai na kahawa ina umbo linalokaribiana na la adenosini. Huvikalia vipokezi vya A1 na A2A pasipo kuviamsha, mithili ya mgeni aliyeketi katika kiti cha mwenyeji asiseme neno. Adenosini hukosa pa kushika, ilhali huzidi kurundikana. Kwa kawaida, nusu ya kafeini huondoka mwilini mwa mtu mzima baada ya takribani saa 5. Inapokwisha, adenosini iliyolimbikizwa huvipata viti vi wazi, pengine mtahiniwa akiwa katikati ya swali.

Kwa hiyo, chai huuficha uchovu, haiufuti. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Na deni hili hulipwa kwa usingizi, ambao ndio huipunguza adenosini ubongoni na kuyaimarisha kumbukumbuni yale yaliyosomwa.