Lumumba wa Tshibumba: picha inayomliza Mkongomani huko Amsterdam

Wanaume watatu wamelala chini, wamekufa. Nyuma yao misalaba mitatu imesimama. Mkongomani haulizi ni nani: ni Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito, waliouawa usiku wa tarehe 17 Januari 1961 karibu na Élisabethville, Lubumbashi ya leo.

Picha hii ni ya Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Katanga aliyezaliwa mwaka wa 1947. Ni moja kati ya picha 100 hivi za historia ya nchi alizomchorea Johannes Fabian, mtafiti wa chuo kikuu, miaka ya 1973 na 1974, akamweleza kila moja kwa Kiswahili cha Katanga. Leo zinatunzwa katika jumba la makumbusho la Amsterdam, Uholanzi.

Tshibumba alikuwa bado kijana mdogo wakati Lumumba alipouawa. Hakuyaona mauaji. Alichora Kalvari: damu inatoka ubavuni mwa Lumumba na kuandika chini neno moja, umoja.

Kinachochoma moyo ni kwamba jamaa hawakupata miili ya kuzika. Iliyeyushwa kwa asidi. Mwaka wa 2022 Ubelgiji ilirudisha jino moja tu la Lumumba. Katanga, picha za namna hii huitwa ukumbusho. Anayesimama mbele yake ni kama mtu aliyefika kwenye kilio akiwa amechelewa: hakuna kaburi, lakini marehemu yuko pale, na machozi yanapata mahali pa kuanguka.