Soko la droni Dar lakua kandokando ya kambi za jeshi

Mwaka 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi walipoanza kuchora ramani za mafuriko za jiji chini ya mradi wa Ramani Huria, droni ilikuwa chombo cha wataalamu. Mwaka uliofuata Zanzibar nayo ikaanza kupimwa kwa picha za droni. Leo droni ni mtaji wa vijana. Kamati ya harusi inaitaka kwenye msafara wa maharusi, msanii wa Bongo Fleva anaitaka kwenye video yake, kampuni za viwanja zinaitaka Bunju na Kigamboni ili mnunuzi aone barabara na mipaka kabla ya kulipa. Kwa mpimaji wa ardhi, kazi ya siku kadhaa porini sasa ni kazi ya asubuhi moja.

Ni biashara halali na yenye faida. Shida yake ni mahali inapofanyika, kwa kuwa jiji limekua hadi kuzikumbatia kambi zake. Kinondoni, kambi ya Lugalo iko kando ya Barabara ya Bagamoyo, imezungukwa na makazi ya Makongo na Kawe. Temeke, kambi ya Mgulani iko kwenye Barabara ya Kilwa, ukanda uleule wa viwanja vya Sabasaba. Wakazi wa Mbagala wanaujua ujirani huu kwa uchungu: Aprili 29, 2009 mabomu yalilipuka katika ghala la kambi, na watu zaidi ya 20 wakafa. Gongo la Mboto yakatokea hayohayo Februari 16, 2011. Milipuko hiyo haikuhusiana na droni, lakini ilionyesha kwamba linalotokea ndani ya ukuta wa kambi huwafikia pia walio nje.

Droni haizuiwi na ukuta. Ikiruka juu ya nyumba ya jirani, kamera yake inaona maghala, magari na zamu za walinzi, na picha hizo zinaweza kuwa mtandaoni jioni ileile. Tena siku hizi droni haziishii kupiga picha. Mei 2025, Port Sudan ilishambuliwa kwa droni, kituo cha jeshi la anga kikiwa miongoni mwa vilivyolengwa. Juni 1 mwaka huohuo, Ukraine ilitumia droni ndogo zilizofichwa kwenye malori kuharibu ndege za kivita za Urusi zikiwa kwenye viwanja vyake. Chombo cha bei nafuu kikaangamiza mali ya mamilioni ya dola.

Kinga za kijeshi zina gharama yake mjini. Kuitungua droni juu ya Kawe ni kuiangusha juu ya paa la mtu. Kuvuruga mawimbi yake nako ni kugusa masafa yanayotumiwa na Wi-Fi za majirani. Hata watengenezaji wameanza kujiondoa: DJI ya China, kampuni kubwa kuliko zote katika soko hili, Januari 2025 iliacha kuzizuia droni zake kuingia maeneo yaliyokatazwa nchini Marekani, ikabakiza onyo tu kwa rubani.

Kwa hiyo kinga ya kwanza ni kumjua anayerusha. Tanzania sheria ipo: droni inahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), na Wizara ya Ulinzi nayo ina kauli. Lakini harusi ni Jumamosi, na mteja hasubiri barua izunguke kati ya ofisi. Anayefuata utaratibu anapoteza kazi, anayeruka kimyakimya anaipata. Matokeo yake, askari wa lindo anayeona droni hewani hana njia ya kumtofautisha mpiga picha na mpelelezi.

Hapo ndipo maslahi ya biashara na ya ulinzi yanapokutana. Dirisha moja la maombi, lenye majibu ndani ya siku chache kwa kazi ndogo, lingewaleta vijana wengi kwenye daftari. Ramani ya wazi ya maeneo yaliyokatazwa ingemwondolea rubani kisingizio. Muuzaji wa Kariakoo naye awajibike kusajili kila droni anayoiuza, kama laini ya simu inavyosajiliwa. Marekani tangu Machi 2024 inasimamia kikamilifu sharti kwamba droni zilizosajiliwa zitangaze utambulisho wake zikiwa hewani. Nasi tuanze kulifikiria.

Mteja naye ana wajibu. Kabla ya kulipa malipo ya awali, kamati ya harusi au kampuni ya viwanja iombe kuona kibali, na isimpe kazi asiye nacho. Soko likimlipa mwenye kibali, kibali kitatafutwa, na droni isiyojulikana itakayosogelea Lugalo au Mgulani itatambulika mapema.