Mkono Mrefu Katika Injini ya Mashua

Babu zetu wa Ugogo walijua ng'ombe, uwele na mtama. Habari za mashua walizisikia kwa wasafiri tu. Siku hizi sivyo. Tangu miaka ya 1980 maji ya mto Ruaha Mkuu yamezuiwa Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, na jamaa wengi wa huko hupata riziki kwa uvuvi. Penye uvuvi pana mashua, na penye mashua haikosi kutajwa injini.

Basi, huenda kijana wako amepata injini kuukuu ya gari, ataka kuifunga katika mashua, na mtu amemshauri: "Tia krankishafti ya mwendo mrefu, itapata nguvu." Je, ni kweli? Ni kweli, lakini ni nusu tu ya maneno. Nusu iliyobaki ndiyo iwezayo kumponza majini.

Tazameni baiskeli

Mguu hupanda na kushuka, na mkono wa pedeli hugeuza mwendo huo kuwa mzunguko. Katika injini, pistoni ndiyo mguu, krankishafti ndiyo mkono wa pedeli. Mkono ukirefushwa, kila msukumo huzungusha kwa nguvu zaidi. Jambo hili laifaa mashua, kwani majini hakuna mteremko: pangaboi husukuma maji tangu kuondoka hata kufika.

Lakini mkono wa pedeli ukiwa mrefu, goti nalo hupanda juu zaidi. Ndivyo ilivyo kwa pistoni.

Mfano wa Ford

Twaeni injini mbili za gari la zamani, Ford Escort: ya 1300 na ya 1600. Upana wa silinda zao ni mmoja, milimita 81 hivi. Katika ya kwanza pistoni husafiri milimita 63, katika ya pili 77.6. Nyongeza ile ya sentimita za ujazo 300 yatoka katika safari hiyo peke yake.

Mkono umezidi milimita 7.3 tu. Hata hivyo watengenezaji hawakuutia katika bloki ile ile. Waliipandisha bloki. Kwa nini? Kwa sababu pistoni ingegonga kifuniko cha silinda. Asiyeweza kupandisha bloki hana budi kutafuta konirodi fupi zaidi, au pistoni ambazo tundu la pini yake limewekwa juu zaidi.

Tena, konirodi huweza kukwaruza bloki huko chini. Mgandamizo huongezeka, na injini ya petroli huweza kugonga na kuchemka. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, pistoni iliyokwenda wastani wa mita 6.3 kwa sekunde sasa yaenda karibu 7.8. Beringi ndizo zitakazoumia.

Jaribio la udongo

Dawa ya fundi ipo kwa mama zetu wafinyanzi. Paka kifuniko mafuta kidogo. Weka juu ya pistoni kipande cha udongo laini usio na chembe ya mchanga. Funga kifuniko pamoja na gasketi yake, ukaze sawasawa, kisha zungusha injini mizunguko miwili kamili, kwa mkono, si kwa stata. Ikikwama, usiilazimishe. Fungua, kata udongo kwa wembe na kupima unene wake: hiyo ndiyo nafasi iliyobaki. Fanya hivyo katika kila silinda, halafu safisha kabisa.

Kabla ya kutoa fedha, muulize fundi maneno matatu: Umepima pistoni hupanda hata wapi? Konirodi zapita bila kugusa? Krankishafti imesawazishwa pamoja na gurudumu lake zito? Akijibu, "Tutaona mbele," rudi nyumbani na fedha zako.

Gari likizimika barabarani, abiria hushuka wakasukuma. Mashua ikizimika katikati ya bwawa, na upepo umevuma, nani atashuka? Wahenga walisema: chombo cha kuzama hakina usukani. Yafaa basi kupima ukiwa bado nchi kavu. Na injini iwe mpya au kuukuu, makasia yasiachwe ufukoni.