Kabla Hujapenda Mng'ao, Kagua Mpini

Panga la bei poa nusura linivunjie ndoa. Haya ndiyo niliyojifunza Mbinga, kutoka kwa baba mkwe na shangazi wa mke wangu.

Mpenzi msomaji, naomba nianze kwa kukiri. Mimi ni mtoto wa mjini. Nimekulia Dar es Salaam, kazi yangu ni kukaa mbele ya kompyuta nikijumlisha hesabu za watu, na chombo chenye makali nilichokifahamu vizuri ni kisu cha kukatia mkate. Ila sebuleni kwetu kulikuwa na upanga wa Kijapani umetundikwa ukutani: ala nyeusi inang'aa, mpini umesukwa uzi kwa mtindo wa kimsalaba. Niliununua enzi za ukapera, kichwa kimejaa sinema za samurai. Mgeni akija lazima niuchomoe kidogo auone unavyomeremeta. Mke wangu alikuwa ananitazama tu, anatabasamu. Yeye ni Mmatengo wa Mbinga, panga kalishika tangu utotoni.

Tulipooana, baba mkwe alitupa ekari moja ya kahawa, upande wa mlimani. Zawadi gani hiyo jamani! Tukachukua likizo, tukasafiri hadi Songea, kisha Mbinga. Shamba tulilikuta limefunga. Migomba imesongamana, matawi ya miti ya kivuli yameinama mpaka juu ya kahawa, huoni hata njia.

"Tuazime panga la Baba," mke wangu akaniambia.

Nikalitazama panga la mzee. Jeusi, limeliwa na tupa mpaka limekuwa jembamba, mpini umepakwa jasho la miaka. Nikamwambia, mke wangu, hilo limechakaa. Nikaenda dukani, nikachagua lililong'aa kuliko yote. Tena lilikuwa rahisi, nikaokoa shilingi elfu tatu nzima. Nikajiona mjanja.

Siku ya pili shambani nilikuwa nakata tawi. Sikumbuki lilikuwa pigo la ngapi, nakumbuka tu mkono ulikuwa mwepesi ghafla. Nikabaki nimeshika mpini mtupu. Bapa lilikuwa limeruka, likapita kando ya goti la mke wangu, likachana khanga yake na kujikita kwenye mgomba.

Hakupiga kelele. Alisimama anautazama ule mpasuko kwenye khanga, mikono inatetemeka. Jioni ndipo aliposema: "Nilikwambia. Wewe kila kitu unakiangalia kwa nje."

Badala ya kuomba radhi, nami kwa aibu yangu nikajibu, "Basi tuliuze shamba lenyewe, yaishe." Shamba la baba yake! Siku mbili hatukusemezana zaidi ya "chakula tayari".

Siri iko ndani ya mpini

Baba mkwe hakuuliza chochote. Asubuhi ya tatu aliniita uani, ameweka mapanga mawili juu ya gunia: la kwake na langu lililovunjika.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mkwe wangu. Kaa. Hebu niambie, hili lako limeshikwa na nini?"

Nikachungulia. Ile sehemu ya chuma inayoingia kwenye mpini, inaitwa msuka, ilikuwa fupi kama kidole gumba, imebanwa na msumari mmoja. Panga la mzee msuka wake ulikuwa mpana kama bapa lenyewe, umekwenda mpaka mwisho wa mpini. Unauona kabisa katikati ya vipande viwili vya mti, na umefungwa kwa ripiti tatu zilizogongwa pande zote mbili.

"Chuma kisipofika mwisho wa mkono," mzee akasema, "ipo siku kitakwenda peke yake."

Nikamsimulia kuhusu upanga wangu wa Kijapani. Akacheka sana. "Wajapani tunawajua, walikuja hapa kusoma."

Kumbe ni kweli tupu. Miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto walikuja Milima ya Matengo kuchunguza kilimo cha ngoro. Kuanzia 1999 hadi 2004 ukafuata mradi wa SUA na shirika la JICA. Ngoro ni vile vishimo vinavyopangwa mlimani kama sega la nyuki. Nyasi hukatwa, zikalazwa kwa miraba, kisha hufunikwa udongo. Katikati hubaki shimo linalokamata maji ya mvua ili yasiteremke na rutuba. Kwa desturi mwanaume hukata na kulaza nyasi, mwanamke hufukia kwa jembe. Kwa hiyo chombo butu cha mume kinachelewesha kazi ya wote wawili. Hapo nilimeza mate.

Dukani, fanya hivi

Baadaye niliusoma upanga wa Kijapani kwa makini. Ule wa kazi kweli, si wa mapambo, hukaguliwa kwa mambo yale yale aliyonionyesha mzee. Msuka wake ni mrefu, umeshikwa kwa kijiti cha mwanzi kinachopita mpinini. Makali huwa magumu na mgongo hubaki laini kidogo, kwa sababu mhunzi hupaka udongo mwembamba kwenye makali na mzito mgongoni kabla ya kulizamisha bapa la moto kwenye maji. Makali yanapoa haraka, mgongo taratibu. Ndiyo maana unakata bila kuvunjika.

Sasa basi, ukienda kununua panga:

Moja, tazama msuka kabla ya bapa. Uonekane umefika mwisho wa mpini, na ripiti zisipungue mbili. Tatu ni bora.

Mbili, shika mpini, gonga bapa kwa kucha. Lilie kwa sauti safi. Ukisikia mtetemo kama wa bati lililolegea, rudisha.

Tatu, bonyeza ncha kwenye ubao, lipinde kidogo tu. Panga zuri hurudi likanyooka. Likibaki limepinda, chuma ni laini mno.

Nne, muuzaji akikuruhusu, pitisha tupa mara moja karibu na mpini. Tupa iume chuma. Ikiteleza kama juu ya kioo, bapa ni gumu mno, litamegeka. Ikilila kama muhogo, makali hayatamaliza asubuhi.

Tano, usidharau panga la mhunzi. Wahunzi wengi hufua kwa springi za magari, na hiyo ni feleji nzuri. Baadhi ya panga za kisasa za mtindo wa Kijapani hufuliwa kwa feleji ya aina hiyo hiyo.

Na kwa wenye kahawa: panga ni la migomba, kuni na kusafisha njia. Mti wa kahawa wenyewe hupunguzwa kwa mkasi na msumeno. Panga huacha jeraha lililochanika, na ugonjwa hupita hapo.

Makali bila pupa

Panga jipya mara nyingi huja butu. Mzee alinifundisha kulibana kwenye gogo, makali yakitazama upande usio wangu. Laza tupa juu ya bapa, kisha inua kidogo, kama digrii 20 hadi 25. Sukuma mbele tu, usikwangue kurudi nyuma, unaua meno ya tupa. Idadi sawa kila upande, halafu malizia kwa kinoo na maji. Ukipeleka kwenye mashine ya kunolea, kuwa macho. Chuma kikipata moto mpaka kikageuka buluu, ugumu wake umekwisha pale pale.

Kutu ya ziwani

Wikiendi ile mzee akatutuma wote wawili kwa shangazi, Mbamba Bay. Nadhani alijua anachofanya. Barabara inateremka milima kama kilomita 66, na hewa inabadilika kutoka baridi ya Mbinga hadi joto la Ziwa Nyasa. Tulibeba panga lake, tumkatie shangazi kuni. Jioni nikalitumia na kupasulia samaki mkubwa, nikalisuuza, nikaliacha kwenye mtumbwi.

Asubuhi lilikuwa na madoa mekundu bapa zima. Nikaona sasa nimekwisha, panga la mzee hilo!

Shangazi hakushtuka. "Lete, mwanangu. Kutu ya usiku mmoja ni ya kufuta." Akaloweka kitambaa, akachovya kwenye majivu, akasugua kwa kufuata urefu wa bapa. Akalikausha juani, kisha akapaka tone la mafuta ya cherehani. Akaniambia unyevu wa ziwa, maji ya samaki na utomvu wa muhogo vyote vinakula chuma. Osha, kausha, paka mafuta, siku hiyo hiyo.

Wajapani nao hufanya hivyo. Mafuta yao ya upanga huitwa choji, maana yake karafuu, kwa kuwa huchanganywa na mafuta ya karafuu kidogo. Fikiria, harufu ya Pemba kwenye upanga wa samurai! Wao pia hawapendi kugusa bapa kwa vidole, jasho huacha alama. Ala iwe ya mti au kitu kikavu. Ngozi hushika unyevu, kwa hiyo usihifadhi panga humo kwa miezi.

Mke wangu ndiye aliyelifuta mara ya mwisho. Tulikuwa tumekaa kwenye mchanga, ziwa limetulia. Nikamwambia, "Nisamehe. Si kwa panga tu, kwa lile neno la kuuza." Akanipa kitambaa. "Paka mafuta upande wako," akasema. Nikajua nimesamehewa.

Sheria zetu mbili

Tangu siku ile tuna sheria. Mmoja akikata, mwingine anakaa mbali, urefu wa mkono na panga mara mbili, na kamwe si upande linakoelekea pigo. Na panga hatupeani likiwa hewani. Aliyelishika analilaza chini, mwenzake analiokota. Mtoto akizaliwa, litakaa kabatini kwenye ala yake, na kabati lina kufuli.

Tuliporudi Dar, niliuteremsha ule upanga wa ukutani. Nikafungua skrubu moja chini ya mpini, nikavuta. Ndani palikuwa na chuma chembamba kama penseli, kimechomelewa kwenye bapa. Miaka yote ile nilikuwa nauchomoa mbele ya wageni, na pengine ungeruka kama lile panga.

Mke wangu akachungulia, akaangua kicheko. "Ndiye samurai wako huyo?"

Ukutani sasa kuna picha ya ekari yetu, kahawa imekatwa visiki inachipua upya. Panga letu, la ripiti tatu, lipo Mbinga kwa mzee. Wiki iliyopita alipiga simu, akasalimia, kisha akasema, "Mkwe, nimelipaka mafuta. Mnakuja lini?"