Siasa za Chuki Zinavyovuka Mpaka: Kutoka Kigali hadi Rusumo

Na Mwandishi Wetu, Mkiwa

Malori yanayopita Mkiwa, mkoani Singida, kutoka Bandari ya Dar es Salaam kuelekea Rwanda na Burundi, yanahitaji barabara nzuri. Yanahitaji pia nchi jirani zinazoaminiana. Siasa kali za mrengo wa kulia, zinazodai kuwa taifa ni mali ya kabila moja, huanza kwa kubomoa uaminifu huo.

Mfano ulio karibu nasi ni Rwanda. Mwaka 1992 kilianzishwa huko chama cha CDR, kilichowahesabu Watutsi kuwa maadui wa taifa. Chama hicho kiliupinga Mkataba wa Amani wa Arusha, uliotiwa saini Agosti 4, 1993 kwa usuluhishi wa Tanzania. Ujirani uliguswa mapema hivyo: kwa wafuasi wa siasa hizo, makubaliano yaliyofikiwa nyumbani kwa jirani yalikuwa usaliti. Redio RTLM ilieneza chuki hiyo hadi vijijini.

Aprili 6, 1994, Rais Juvénal Habyarimana alikuwa akirejea kutoka mkutano wa kikanda Dar es Salaam ndege yake ilipotunguliwa. Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi naye alifariki. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza.

Mwishoni mwa mwezi huo, takriban watu 250,000 walivuka Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Wengi walikuwa Wahutu waliokimbia vita, na miongoni mwao walijichanganya wauaji. Misitu iliyozunguka kambi ikaisha kwa kuni. Tanzania, iliyosifika kwa ukarimu, ilifunga mpaka wake na Burundi Machi 1995, na Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda wakarejeshwa kwao. Huko Zaire hali ilikuwa mbaya zaidi: wenye silaha waliojificha kambini waliishambulia Rwanda, na mwaka 1996 vita ikazuka.

Mwaka 2003, Mahakama ya Kimataifa iliyoketi Arusha ilimtia hatiani Jean-Bosco Barayagwiza, mmoja wa waasisi wa CDR na RTLM. Rwanda na Burundi zilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Leo Rusumo ina kituo cha pamoja cha forodha, na maporomoko yake yana mtambo wa umeme wa megawati 80 unaomilikiwa na Tanzania, Rwanda na Burundi.