Fedha Kidogo, Watoto Wote Uwanjani

Kengele ya mapumziko ikilia katika shule ya msingi yenye uwanja mtupu wa saruji, mpira wa miguu ndio unaotawala katikati. Wavulana wakubwa wanaujaza uwanja, na waliobaki wanasogea ukutani: wasichana wengi, watoto wa darasa la kwanza, na yule mvulana ambaye hakuna timu inayomchagua. Hapo ndipo ruzuku ndogo ya michezo inapopimwa. Je, imemgusa huyo wa ukutani, au imewanunulia jezi mpya wale waliokuwa wakikimbia tangu zamani?

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Uingereza ilizipa baadhi ya shule za msingi za maeneo maskini pauni 20,000 kila moja ili zipange upya viwanja vyao. Uwanja uligawanywa kwa rangi. Sehemu nyekundu ilikuwa ya mipira, na ilizungushiwa uzio ili mpira usivamie kwingine. Ya buluu ilikuwa ya michezo mchanganyiko, na ya njano ya watoto wanaotaka kukaa na kuzungumza. Mtoto aliyekuwa akiukwepa mpira sasa alikuwa na mahali pake halali.

Watafiti Nicola Ridgers, Gareth Stratton na wenzao wakaenda kupima. Walichukua shule 15 zilizopata fedha na 11 ambazo hazikupata, wakawavisha watoto vifaa vya kuhesabu mapigo ya moyo na vya kunasa mwendo wa mwili. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2007, yalionyesha kwamba katika viwanja vilivyopangwa upya watoto walitumia sehemu kubwa zaidi ya mapumziko wakikimbia na kuruka, na kwamba miezi sita baadaye tofauti ilikuwa bado ipo. Hawakuongezewa kipindi wala hawakuletewa kocha. Mapumziko yalikuwa yaleyale.

Dakika chache za namna hiyo zina kazi kubwa mwilini. Msuli unapojikunja kwa nguvu, vibebeo vya sukari vilivyo ndani ya seli hupanda hadi kwenye utando wake na kuivuta sukari kutoka kwenye damu, hata bila kusubiri amri ya homoni ya insulini. Mifupa nayo ina hesabu yake. Kila mguu unapotua chini kwa kishindo, mfupa hupinda kidogo sana, seli zilizomo ndani hulihisi badiliko hilo, na mwili huitikia kwa kuongeza madini pale palipobanwa. Kazi hii ina msimu wake. Takriban robo ya madini yote ya mifupa ya mtu mzima huwekwa katika miaka miwili tu, ile ya kurefuka kwa kasi wakati wa balehe. Msichana anayeruka kamba akiwa na miaka 11 anajiwekea akiba atakayoitumia akiwa bibi. Ndiyo maana inaniuma kuona wasichana wa umri huo ndio wa kwanza kuachwa pembeni.

Takwimu zinauthibitisha uchungu huo. Shirika la Afya Duniani linataka kila mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za mazoezi ya kutoa jasho kwa siku. Mwaka 2016, kati ya vijana wanafunzi wa miaka 11 hadi 17, asilimia 81 hawakufikia kiwango hicho: wasichana 85, wavulana 78.

Huko Stirling, Uskoti, fedha hazikuhitajika hata kidogo. Mwaka 2012 Elaine Wyllie, mwalimu mkuu wa shule ya msingi St Ninians, aligundua kwamba watoto wake walikuwa wakiishiwa pumzi kwa kuzunguka uwanja tu. Akaanzisha utaratibu wa dakika 15 kila siku: mwalimu akiona darasa limechoka, wote wanatoka na sare zao, wanakimbia au kutembea kwa mwendo wanaouweza, kisha wanarudi kwenye somo. Hakuna mashindano wala kubadili nguo. Utafiti wa mwaka 2018 uliolinganisha watoto wa shule yenye utaratibu huo na wa shule isiyo nao, jumla yao 391, ulikuta wale wakimbiaji wakiwa na dakika tisa zaidi za mazoezi kwa siku, na dakika 18 pungufu za kukaa. Zilikuwa shule mbili tu, kwa hiyo tusishangilie kupita kiasi. Hata hivyo, dakika tisa bila gharama ni nyingi.

Kwa upande mwingine, mwaka 2013 shule za msingi za Uingereza zilianza kupokea ruzuku ya kila mwaka kwa ajili ya michezo, ambayo baadaye ilipanda hadi pauni 16,000 pamoja na pauni 10 kwa kila mwanafunzi. Nyingi zilitumia sehemu yake kuajiri makocha kutoka nje. Sioni busara hapo, isipokuwa kocha awe anamfundisha mwalimu. Fedha zikikatika kocha anaondoka na ujuzi wake, lakini mwalimu aliyefunzwa anabaki na madarasa yake kwa miaka.

Sydney, Australia, watafiti walimwaga uwanjani matairi, makreti ya maziwa na maturubai, vitu visivyo na maelekezo, wakawaacha watoto wa miaka 5 hadi 7 wajitungie michezo yao. Muda wa kujishughulisha uliongezeka kwa dakika mbili hivi kwa mapumziko. Ni kidogo, ila matairi hayo yalikuwa ya kutupwa.

Kwetu Afrika Mashariki mahitaji hayalingani. Utafiti uliofanywa Kenya, uliochapishwa mwaka 2012, uliwakuta vijana wa vijijini Nandi wakijishughulisha zaidi na kukaa kidogo kuliko wenzao wa mjini Eldoret. Anayetembea kilomita kadhaa kwenda shule hana upungufu wa mazoezi, ana upungufu wa chakula cha mchana. Kwa hiyo ruzuku ya michezo ningeianzia mjini, kwenye shule zilizobanwa kati ya majengo, ambako watoto hushushwa getini na gari na kurudi nyumbani kwenye televisheni. Zinunuliwe kamba ndefu za kurukia wasichana kumi kwa zamu, ichorwe mistari ya rede, patengwe pembe ambayo mpira wa miguu hauingii. Na mwisho wa muhula, mkaguzi asihesabu vikombe kabatini. Ahesabu waliosimama ukutani.